Wa Pili Aliyekataa Kuwa wa Kwanza

Jumamosi

Hata sasa sijui kama leo nilikuwa mwoga, au nilichoka tu.

Asubuhi, kabla ya proklamasiyo, kutangaza matokeo mbele ya wazazi, padri mkuu wa shule aliniita pembeni. "Mwalimu, anzia ku wa pili. Kalala hatarudi."

Kweli, Kalala yuko ku gare, kituo cha treni, na mama yake na wadogo zake, pamoja na watu wenye asili ya jimbo la Kasai waliofukuzwa humu Likasi. Wiki ya tatu hii wanangojea treni, wamekalia masanduku yao. Lakini pointi zake ziko, na ndiye wa kwanza. Nilizisahihisha mwenyewe.

Nikatii. Mbele ya wazazi wote nikasoma: "Wa kwanza, Mwape!"

Mwape akasimama, ila hakuja kuchukua buletini yake ya pointi. "Mwalimu, miye niko wa pili. Wa kwanza iko ku gare."

Padri akakohoa. Nami nikaita jina lililofuata, kana kwamba sikusikia...

Nilitaka kumshika Mwape mkono nimshukuru. Lakini kaka zake ndio waliowatoa akina Kalala nyumbani kwao mtaa wa Kikula kwa mawe, na sasa familia ya Mwape ndiyo inakaa mule. Anajua. Sisi wote tunajua.

Nimsifu? Nimkasirikie? Sielewi kitu.

Buletini ya Kalala iko hapa mezani. Kesho nikitoka misa nitaipeleka ku gare, kama treni haitakuwa imewachukua.

Na Mwape, saa hii, amelala kwenye kitanda cha Kalala.