Mikorosho Miwili ya Mpakani

Jumatatu, 4 Agosti

Kanyageni makopa ya mama zenu, si yangu! Nimewaambia hivyo hivyo, mbele ya mwalimu wao. Mihogo nimemenya siku mbili, nimeanika uani, wao wanapita juu yake na mabuti. Wanafunzi wa upimaji hao, kumi na wawili, wa chuo. Mwalimu wao ni Somoe, mjukuu wangu, nimemlea mwenyewe. Eti, "Samahani Bibi, ni wageni." Mgeni hana macho? Wameokota kipande kimoja kimoja. Ndipo shikamoo zikaja, zote kwa mpigo. Marahaba nimetoa moja. Inawatosha.

Wamekuja kujifunza kuchora Lisekese yetu. Wapi pajengwe, wapi palimwe, barabara ipite wapi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeliona shamba langu kutoka juu.

Somoe kafungua kompyuta barazani, picha iliyopigwa na setilaiti. Mikorosho yangu, madoa ya kijani, duara duara. Bati langu jekundu. Kisha akasogeza picha mpaka Newala nilikozaliwa. Ukingo wa mlima ule, na njia tuliyoshuka na mama kuchota maji bondeni. Bado ipo. Nyembamba kama uzi. Nimelia.

Nikauliza programu hiyo ya kuchorea ramani kainunua wapi. Hainunuliwi. Watu wa nchi mbalimbali wameitengeneza, wakaiacha wazi, yeyote atumie, akiweza arekebishe. Kama kisima cha sadaka. Sikujua duniani kuna watu wa hivyo.

Jumatano, 6 Agosti

Rehema, yule mwanafunzi wa miwani, kachora mpaka wangu na jirani yangu Mama Hadija kwa kufuata majani. Majani! Matawi ya mkorosho wake yamelalia kwangu, basi kampa na ardhi. Nikamwambia, "Mpaka ni shina, binti. Tawi linatembea." Somoe akawaambia, "Andikeni hilo." Wakaandika wote. Mimi, niliyeishia kisomo cha watu wazima! Sokoni nimekwenda shingo juu.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku mbaya.

Rehema kaleta picha ya zamani ya hapa hapa, kaiweka chini ya ile mpya. Kumbe mbingu inatunza kumbukumbu. Katika ya zamani mpaka umenyooka kama kamba. Katika mpya umevimba, umeingia kwa Mama Hadija hatua nne, penye mikorosho miwili. "Bibi, hii miwili haikuwepo." Nikamwambia akafute miwani. Wenzake wakacheka. Somoe hakucheka.

Niliipanda mimi. Mwaka ule Mama Hadija alikuwa hospitali kule Mkomaindo, anamuuguza mumewe. Alirudi mjane, hakuuliza kitu. Niliiba. Haya, nimeandika.

Jumamosi majirani watasimama kila kona, wakubaliane, jiwe la mpaka lizikwe. Likishazikwa, limezikwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Mama Hadija kapita akitoka kisimani. "Mama Salumu, nasikia siku hizi unafundisha chuo! Tukununulie chaki?" Nikamjibu anunue na fimbo, nianze na yeye. Tukacheka. Halafu akasema, "Kesho mimi nitasimama utakaposema wewe. Mpaka wetu unaujua wewe."

Bora angenitukana.

Nimemwambia Somoe anifungulie tena zile picha. Hakuuliza kwa nini. Nimekaa nazo mpaka adhuhuri. Miaka yote nilidhani hakuna aliyeniona siku ile na jembe langu. Kumbe juu kule kuna jicho, lilitazama likanyamaza. Limeona kijiji kizima, kila mti, kila paa, na lile shimo nililochimba. Nimejiona mdogo kama sisimizi. Nimeogopa. Na bado sikuweza kuondoa macho, kwa uzuri wake.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeswali alfajiri, nikaenda mpakani peke yangu. Umande mwingi. Mikorosho miwili imeanza maua. Mizuri kuliko yote shambani, sitasema uongo. Nimeiegemea kidogo. Nimehesabu hatua nne kurudi kwangu, nikachomeka kijiti.

Somoe akiamka alete kifaa chake cha kupimia, asimame pale kwenye kijiti. Rehema ndiye achore. Na Mama Hadija aitwe sasa hivi, nimwambie mwenyewe kabla majirani hawajafika.