Kazi ya Panya Siachi

Nzuguni, Dodoma

Dada Stara,

Shikamoo. Habari za Chamwino, na watoto, na mgongo wako? Mvua imewafikia au imeishia huku mjini? Mimi mzima wa kutembea na kufanya kazi, mengine utayasoma. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huniachi nimalize.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema baba mdogo wake Mwantum, huyo mchumba uliyenitafutia mwenyewe kule mtaa wa Kikuyu, hataki kuozesha kwa mtu anayelala na panya. Nichague, kazi au mke, na nikichagua kazi nisikanyage kwako. Nimesikia. Sasa sikia na wewe.

Silali na panya. Pale maabara naosha vizimba vyao, nabadilisha maranda wanayolalia, nabeba maji. Panya wenyewe weupe, wadogo. Homa ya ini ya watu haimshiki panya, kwa hiyo wataalamu wamewapandikiza chembe za ini la mtu. Hapo inawashika, na dawa inajaribiwa kwao kwanza. Kinga ya mwili hawana, wangekuwa nayo wangelikataa hilo ini. Ndiyo maana kabla ya kuingia naoga, nabadilisha nguo, nafunga mdomo kwa barakoa. Nikiwa na mafua siingii kabisa. Mnasema panya najisi. Mle ndani najisi ni mimi.

Nikuambie la aibu. Mwezi wa kwanza niliwaonea huruma, chakula chao kikavu kama kokoto. Nikawapa karanga zako, zile ulizonitumia. Kwetu mgeni halali na njaa. Wiki ile wakafa tisa. Zilikuwa na kuvu, dada. Daktari Tasneem, mkubwa wetu, akasema kazi ya mwaka mzima imekwenda. Nikajua nafukuzwa. Badala yake akanionyesha ini la mmoja wao, akanieleza homa hiyo inavyomla mtu. Tumbo linajaa maji, macho yanakuwa ya njano. Nikamwambia aishie hapo, mimi nimeuguza.

Mke wangu Zuleha alikufa hivyo hivyo. Tulizunguka naye kwa waganga mpaka akaisha. Ulisema jirani kamtupia kitu, nikanyamaza kwa sababu wewe ndiye mkubwa. Yule jirani mpaka leo hatusalimiani, na hakufanya kitu. Sinyamazi tena.

Sasa lenyewe hili. Daktari alitaka wafanyakazi wote tuchanjwe, na kabla ya chanjo unapimwa. Wenzangu walichanjwa. Mimi niliitwa pembeni. Ninayo homa ya ini, dada. Wanadhani ninayo tangu utotoni. Kama Zuleha aliipata kwangu au alikuwa na yake, hakuna wa kujua. Nililia siku mbili, ya tatu nikarudi kazini. Dawa nameza kila siku. Wakaniomba damu kwa ajili ya panya, nikaweka sahihi. Panya wa rafu ya chini wanaumwa ugonjwa wangu. Hao ndio unataka niwaache.

Mwantum nimemwambia mwenyewe, kwao, mlango wazi. Aliendelea kuchambua mchele. Halafu akasema, "Panya sina neno nao. Ungenificha ndiyo ningeondoka." Amepimwa, hana. Amechomwa sindano mbili za chanjo, bado moja, ndipo tufunge ndoa. Baba mdogo wake, Mwantum mwenyewe ndiye aliyembana. Mzee kaguna, kakubali.

Limebaki lako. Unakumbuka bibi alivyotuchanja chale mwaka wa surua? Wembe ulikuwa mmoja. Alianza na mimi, wewe ukafuata. Bibi simlaumu, alitaka tupone. Lakini nenda kapime, na watoto uwapeleke. Usiniambie hujisikii vibaya. Na mimi sikujisikia vibaya. Na haiambukizi kwa kula pamoja, kwa hiyo sahani niliyolia chakula kwako usiitupe.

Ukinifungia mlango, sawa, ni mlango wako. Ila ukitaka kupima na unaogopa kwenda peke yako, njoo huku. Nitaomba ruhusa ya siku moja, nikupeleke, nikae na wewe mpaka majibu yatoke. Kesho yake narudi kwa panya wangu.

Wasalimie watoto wote, na shemeji mpe mkono. Mwantum anakuamkia.

Ni mimi mdogo wako,
Mbaruku