Mdogo Wangu na Mlango wa Sinema

Jumatatu, 3 Juni
Mjukuu wangu kaleta kadi mbili za mwaliko. Filamu yake imekwisha, inaonyeshwa Jumamosi. Filamu ya vita vyetu! Vita kaviona wapi, mtoto wa juzi? Lakini katuhoji miaka miwili, na kichwa chake hakivuji. Mimi nitakwenda. Mdogo wangu — hilo jingine. Ukumbi wa sinema una giza, na milango hufungwa.

Jumanne, 4 Juni
Nimemfuata kazini. Yuko nje, chini ya turubai, anashona soli. Hata kazi alitafuta isiyo na mlango. Mkewe alimkimbia kwa hilo hilo — usiku kucha mlango wazi, mbu, paka, wezi!
Nikamwambia twende. Akasema, "Dada, hiyo mimi nilishaiona." Akagonga msumari.
Nikaiacha kadi yake juu ya kiatu, nikaondoka bila kubishana. Mimi!

Alhamisi, 6 Juni
Niseme mara moja, yaishe. Mama alitufungia stoo tusalimike na mabomu, akatoka kutafuta maji. Ukuta ukaangukia mlango. Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa miaka sita, na kitinda mimba mapajani mwake. Walipoubomoa tulikuwa wawili.
Watu humcheka na milango yake. Wacheke! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jumamosi, 8 Juni
Naandika humu humu ukumbini. Mapumziko, taa zimewaka.
Amekuja! Kanyoa ndevu, koti linanuka gundi. Nikamwambia bawabu: mlango huu hufungi. Eti mwanga utaharibu picha. Picha yenyewe ya huyu, nikamwambia, acha aiharibu apendavyo! Akamwekea kiti kizingitini. Watu wakaguna. Nikageuka — macho yote mbele.
Kwenye picha, yule mtoto gizani anampa kichanga kidole anyonye. Hilo sikumsimulia mjukuu. Sikulijua! Giza lile, ningeona nini? Kumbe mdogo wangu alimwambia mwenyewe. Miaka yote hii, kinywa kile kikavu, kumbe kimesema.
Nimelia. Vumbi la viti hivi.
Taa zilipowaka nikamkuta kahamia pembeni yangu. Eti kule shingo inauma. Kisha akalalamika: "Dada, vile viatu vya mtoto ni uongo. Sisi tulikuwa peku."
"Kamwambie mjukuu wako," nikamjibu.
"Nitamwambia."
Kengele imelia. Bawabu anautazama mlango, ananitazama. Nimeinua kalamu kumkataza. Mdogo wangu kanishika mkono, kaushusha taratibu. Hajauachia. Naandika vibaya. Bawabu kashika kitasa —