Kadi ya Baba Mdogo na Diski Nne

Gisenyi, Jumapili

Mama mpendwa,

Goti lako limepoa? Huku mimi niko salama, mvua tu ndiyo haituachi. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nililificha tangu Pasaka, na kwenye simu nisingeweza kulisema, si unanijua.

Baba mdogo alinunua kadi ya kompyuta Goma, akavuka nayo mpaka pale Grande Barrière imefungwa kwenye kitenge. Kazi ya kadi hiyo ni kuunganisha diski nne za studio yake ya video ziwe kama moja, ili diski moja ikifa, video za harusi zibaki. Nilimwambia kuna programu ya bure inayofanya hivyohivyo, tuliisoma shuleni kwa Kiingereza. Akacheka mbele ya wateja.

"Programu ni ya watoto wa kucheza nyumbani. Mutu wa kazi iko na kadi."

Lakini Mama, kadi ile ilikuwa kuukuu, na ikifa, diski hazisomeki mpaka upate nyingine ya aina yake. Basi aliponituma nizifunge zile diski kwenye kompyuta, nikaiacha kadi iwe njia ya kupitia tu, kazi yote nikaipa programu. Sikumwambia. Naye akaendelea kuisifia.

Jumanne umeme ulikatika, ukarudi na nguvu kupita kiasi, kadi ikaungua. Kwenye diski kulikuwa na harusi ya dada mmoja wa Cyanzarwe. Baba yake alikuwa amezikwa karibuni, na hana video nyingine ya mzee akicheza. Baba mdogo alizunguka Goma kutwa nzima, kadi kama ile hakuna. Akarudi, akakaa, akauliza atamwambia nini yule binti.

Nikasema nikiangalia sakafu, "Baba mdogo, nisamehe. Kazi yote ilikuwa inafanywa na programu, si kadi. Nilikuficha."

Nikazihamishia diski kwenye kompyuta ya mapokezi. Zikasomeka zote.

"Donc, kumbe nilikuwa najisifu bure?"

Nikaitikia ndiyo. Alicheka mpaka akafuta macho, kisha akanigombeza kweli: siku nyingine nimsumbue mpaka asikie. Sasa tunaweka na nakala nyumbani.

Binti alipokuja, Baba mdogo alimwonyesha mimi, kwamba ndiye niliyeiokoa video. Nilitaka kukimbilia chumba cha nyuma, lakini binti alinishika mkono, na hakuuachia mpaka baba yake alipomaliza kucheza kwenye video.

Nisalimie Bibi, na shangazi wa sokoni, na mdogo wangu aache kuvaa viatu vyangu.

Mwanao, ambaye sasa hana siri,
Furaha