Tembe ya Bi Mariamu

Mungaa, Jumanne jioni

Sijui kama katibu kata aliniamini. Nilikuwa napima tembe, nyumba ya jadi ya Bi Mariamu, kabla haijabomolewa. Yeye kashika ncha ya futikamba, mimi naandika: nguzo, paa la udongo, zizi lililomo humo humo ndani. Mara katibu akatokea mlangoni.

"Profesa, umeletwa uchore nyumba za kijiji kipya. Hii tembe kuukuu unaipimia nini?"

Nikadanganya kwamba nahesabu miti ya kutumia tena.

"Mimi ndiye niliyemwomba, mwanangu," Bi Mariamu akadakia.

Katibu akasema kesho asubuhi atalikagua daftari.

Naogopa: akikuta michoro ya tembe badala ya hesabu ya miti, atasema napinga kijiji kipya. Mwenzangu chuoni alifukuzwa kazi kwa maneno madogo kuliko haya, na mimi nina watoto.

Alipoondoka, Bi Mariamu aliniuliza, "Hizo nyumba zako mpya, ng'ombe watalala wapi?"

Sikuwawekea mahali. Ramani zile nilizichora Dar es Salaam, kabla sijakanyaga huku.

Nilishika kiberiti nilichome daftari, nikashindwa. Nimemalizia kuchora zizi, kisha nikaandika jina langu kwenye kila ukurasa, asije akasingiziwa yule mama.