Mkia mweusi chini ya maji

Kaka, usimwambie mtu. Nimemfyatulia mkuki yule mzee ninayetaka kumposa binti yake.

Ndiyo, huyo huyo. Mzamiaji wa miaka thelathini.

Na alinionya kabisa: "Bahari imechafuka na mkondo unavuta. Usifyatue kabla hujaona kichwa cha samaki." Nikamjibu, "Nimezoea, mzee." Nimezoea! Mimi!

Huko chini maji kama chai ya maziwa. Mkia mpana mweusi ukapita mbele yangu. Nikafyatua.

Haukuwa mkia, kaka. Lilikuwa pezi la mpira alilovaa mguuni. Mkuki umekosa vidole kidogo tu.

Akaibuka, akauchomoa taratibu mbele ya wazamiaji wenzake. Akanirudishia.

"Siku ya posa," akasema, "uje mikono mitupu."