Gari la Vioo vya Kuzungusha

Kililana, Jumatatu

Kwa dada yangu mpenzi Thuwaiba,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba mguu wa mumeo Bwana Obeid umepona na ameanza kwenda shamba. Sisi tu wazima, alhamdulillah. Pacha wamefika miaka mitatu na hawakamatiki. Najua utashangaa kuletewa karatasi ilhali simu ninayo. Kwenye simu nimejaribu mara mbili, nikaishia kukuuliza bei ya samaki.

Habari kubwa ni kwamba tumenunua gari. Shemeji yako Idris alichoka kutupakia wote kwenye pikipiki. Tulitazama matano pale Mokowe, yote yameshatumika. Yeye alifungua boneti, akasikiliza injini, akachungulia kama chini panavuja mafuta. Mimi niliingia kiti cha nyuma, nikafunga milango yote, nikakaa hadi jasho likanitoka. Muuzaji, Jabez, alidhani nina kichaa. Idris alinicheka mbele yake, akasema, “Twataka gari la kwenda ndiani, Bi, si nyumba ya kukaa.”

Nililikataa lenye vioo vya umeme na milango ya nyuma isiyofunguka kwa ndani, ingawa Jabez aliapa kwamba hilo ndilo salama kwa watoto. Nikachagua kuukuu la rangi ya maziwa. Viti vimechakaa, lakini vioo vya nyuma vinashushwa kwa mkono. Pacha nimewafundisha kuvizungusha na kupiga honi kabla hata ya kuwafundisha kutulia. Idris analalamika kwamba nimewaharibia majirani masikio. Hajui kwa nini nafanya hivyo. Hakuna ajuaye.

Juma lililopita uliniambia mwanao Afra bado anapiga kelele mlango ukifungwa, kwamba umemnywesha kombe la aya mara tatu na sasa unamtafutia mwalimu wa kumtoa jini. Kisha ukanishukuru tena kwa kumuuguza ile malaria alipokaa kwangu mwaka jana. Ndipo nikachukua karatasi.

Dada, Afra hakuwa na malaria. Siku ile Mueni, jirani aliyenifundisha kuendesha, aliniazima gari lake. Afra alipitiwa na usingizi kiti cha nyuma. Nikafunga milango, nikaingia dukani, kama mama alivyokuwa akituacha tumelala mashuani Mtangawanda huku akipandisha mizigo. Mashuani kuna upepo. Sikufikiri kwamba garini hakuna. Dukani nilimkuta Bi Hadia, tukazungumza. Niliporudi, mtoto hata kulia alikuwa ameacha, na kioo kizima kilikuwa na alama za viganja vyake, hadi chini kabisa. Daktari aliniambia ni joto. Mimi nikakuambia ni homa. Gari lile liliuzwa zamani, lakini alama zile bado naziona kwenye kila kioo, hata cha kabati langu.

Basi usimnyweshe kombe tena. Mtoto hana jini. Mlango ukifungwa, ananikumbuka mimi.

Ulisema Januari utamrudisha kwangu aanze shule. Kiti cha dirishani nimemwekea. Usipomleta sitakuuliza sababu, na ukikataa kunisemesha nitaelewa.

Nisalimie Bwana Obeid, na barua hii umsomee yote. Idris nitamwambia leo akitoka kazini. Afra mbusu kwa niaba yangu, mlango ukiwa wazi.

Mdogo wako anayekuomba radhi,
Huwaida